Mke Wangu Alikuwa Kama Nini

Jumanne ya pili ya mwezi wa kumi, mvua ikiwa bado haijashika vizuri, mke wangu alifariki nyumbani kwetu Songo, mjini Uvira, asubuhi, chai yake ikiwa bado ya moto. Nilipoteza mke. Nilipoteza pia mtu pekee aliyewahi kukaa na mimi juu ya kitabu. Hilo la pili sikumwambia mtu siku za kilio, kwa sababu wangeona ninachanganya jambo kubwa na dogo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na humu sitaki kuandika kisichokuwa.

Mimi ni fundi mwashi. Shule niliiacha darasa la tano. Mke wangu alimaliza sekondari, akafundisha watoto wadogo miaka kadhaa, kisha akachoka kungoja mshahara, akaanza kuuza chumvi na sabuni mbele ya nyumba. Watoto hatukupata. Jioni tulikuwa wawili, na kwa sababu yeye hakupenda kukaa bure, jioni zetu zikawa za kitabu.

Kitabu chenyewe tulikipata soko la Mulongwe. Mama mmoja alikuwa anachana kurasa zake na kufungia karanga. Mke wangu alimshika mkono katikati ya kuchana, akasoma mistari michache palepale amesimama, akanunua kilichobaki. Jalada halikuwepo, kurasa za mwanzo hazikuwepo, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala nani alikiandika. Ni kitabu cha hadithi fupi. Ile ya kwanza inaanzia katikati, mtu mmoja tayari amekasirika, na chanzo cha hasira yake kililiwa pamoja na karanga.

Zamani alinisomea yeye. Ugonjwa wa sukari ulipoanza kumpunguzia macho, tukabadilishana. Nilisoma polepole, nikifuata kila neno kwa kidole, sawa na mtu anayepanga matofali bila kamba. Yeye alilala chali, macho ameyafumba, na mara kwa mara alisema, "Simama hapo." Karibu kila mara ilikuwa kwenye neno "kama".

Sisi wa huku, tukifananisha kitu na kingine, tunapenda kusema "sawa". Mtoto anakimbia sawa mbuzi. Kitabu kilisema "kama", na mwanzoni nilisimama kwenye kila "kama" niliyokutana nayo. Siku moja mtu wa hadithi alisema, "Kama atakuja, nitamwambia." Nilinyamaza, nikangoja swali. Mke wangu naye akangoja. Mwishoni akauliza kwa nini sisomi. Nikamwambia nimefika kwenye "kama". Alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee, hiyo pita nayo," akasema. "Hiyo haifananishi kitu. Inangojea muntu."

Nakumbuka mahali nilipoanza kuelewa. Ilikuwa hadithi ya mwanamume aliyekwenda kuchimba dhahabu mbali, akarudi baada ya miaka mingi. Mwandishi anasema alirudi kwao kama mzigo uliorudishwa dukani. Mke wangu akaniuliza hapo kinafanana nini na nini. Nikasema uzito: mtu amechoka, anatembea kwa uzito. Akauliza kama mimi nikinunua kitu huwa nakirudisha dukani kwa sababu ni kizito. Nikasema hapana, nakirudisha kikiwa kibovu. Basi akaniambia nirudi nyuma nisome tena wale waliompokea walifanya nini. Nikarudi. Walimzunguka, wakatazama mikono yake, miguu yake, hata meno. Hakuna aliyemkumbatia. Nilikuwa nimeyasoma hayo dakika chache kabla na sikuyaona. Walikuwa wanatafuta kilichoharibika.

Tangu siku ile alinipa swali lake, akaliuliza kila tuliposimama: mwandishi amechukua nini, na ameacha nini? Kwenye mzigo amechukua kule kurudishwa na kukaguliwa. Ameacha uzito, ameacha kamba, ameacha kichwa kilichoubeba. Mke wangu alisema kila mfano ni hivyo, unachukua kipande na kuacha kingine, na msomaji akibeba vyote atafika mahali ambapo mwandishi hakumtuma. Na ukitaka kujua kipande gani kimechukuliwa, usitazame mfano peke yake. Tazama watu wa hadithi walifanya nini kabla yake, na nani amesema. Kulikuwa na hadithi ambamo mwanamke anasema mume wake ni jogoo. Mimi niliona ni sifa. Mke wangu akauliza anayesema amelala wapi usiku uliopita. Nikatazama: kwa mama yake, na watoto. Basi haikuwa sifa.

Ile ya jogoo haina "kama", na hizo ndizo zilizonisumbua zaidi. Katika hadithi ya mzee aliyemuuguza mkewe, mwandishi ameandika, "Mikono yake ilikuwa kuni." Nilikasirika kweli. Mimi nikimwambia mwenye nyumba kwamba matofali yamechomwa, yamechomwa. Nikasema mwandishi huyu amedanganya, mkono si kuni.

"Hajadanganya," akasema mke wangu. "Amekuamini."

Alinieleza kwamba yule wa "kama" anakuonyesha mahali alipounganisha, na huyu ameficha kiungo akijua utakiona mwenyewe. Nikamwambia hayo ninayajua kwa kazi yangu: kuna ukuta unaoona simenti kati ya tofali na tofali, na kuna ukuta uliopakwa, tofali ziko ndani lakini huzioni. Akasema, "Inatosha." Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Majina ya mambo hayo alikuwa ameyasoma kwa Kifaransa, na ninajua vitabu vya Kiswahili vinayaita tashbihi na sitiari. Kwetu ilibaki ukuta wazi na ukuta uliopakwa.

Nisije nikafanya ionekane kwamba alikuwa mwalimu mpole. Hakuwa mpole. Alinisahihisha mbele ya watu waliokuja kunipa kazi. Nikisema nitamaliza wiki hii, yeye kutoka kwenye sabuni zake angesema, "Wiki ijayo." Na ilikuwa wiki ijayo. Niliona aibu, na watu wakaendelea kunipa kazi.

Baada ya mazishi ilibaki siku ya kumaliza kilio, na hiyo tuliifanyia kwao, Lubarika, kule bondeni. Ukoo wa mke wangu una desturi ambayo sijaiona kwingine. Misa inasomwa, watu wanakula, kisha yule aliyelala nyumba moja na marehemu anasimama na kusema marehemu alikuwa kama nini. Neno moja tu, mfano mmoja. Mzazi, kama yuko hai, anajibu, "Ni yeye." Akishajibu, majivu ya moto wa kilio yanafagiliwa, mzazi anavua kikwembe cheusi, na anaruhusiwa tena kugusa udongo. Kabla ya hapo halimi, hapandi, wala hang'oi. Na neno lile ndilo linalobaki kwenye ukoo. Wakimtaja marehemu kwa watoto ambao hawakumjua, watasema alikuwa kama hicho.

Kwa kawaida jibu hutoka upesi. Watu wamechoka, wengine wanatafuta moto, yaani pikipiki, ya kurudi nayo kabla barabara haijawa mbaya. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliniambia njiani kwamba hajawahi kusikia mzazi akikataa.

Mama mkwe alikaa kwenye mkeka ukutani, miguu ameinyoosha. Mimi, kama mkwe, nilikaa karibu na mlango, sikumtazama usoni. Nilikuwa nimejitayarisha. Katika kitabu kuna hadithi ya mama mmoja wa wakati wa njaa, na mwandishi anasema huyo mama alikuwa kivuli cha saa sita. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza niliipenda sana. Niliona neno zuri linamfaa mtu mzuri. Nikasimama, nikasema mke wangu alikuwa sawa kivuli cha saa sita.

Watu walifanya mmm ya kukubali. Mama mkwe akaniacha nisimame.

"Minye nilizaa kivuli?" akauliza.

Nikashika mwimo wa mlango.

"Hilo neno umelitoa wapi?"

"Mu kitabu, mama."

"Basi rudisha mu kitabu. Si yeye."

Shemeji yangu akajaribu kuokoa siku. Ana kazi ya ofisi Uvira, anajua kusimama mbele ya watu, na alimpenda dada yake. Akasema dada yake alikuwa taa ya ukoo mzima. Mama yake akamuuliza taa gani, hii ya kukatika kila siku? Watu wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Mama mmoja wa kikundi cha sala akasema kwa sauti ya wimbo kwamba marehemu alikuwa ua. Mama mkwe akasema binti yake hakupanda ua hata siku moja, aliyang'oa yaliyokuwa mbele ya nyumba akapanda mboga ya lengalenga, na kama huyo mama alikula kwao, alikula lengalenga hizo.

Kisha akanigeukia tena. Hakuwa na hasira.

"Weye ndiye ulilala naye nyumba moja. Watu hawa banasema muntu mwema. Wema iko wengi. Minye nataka yule. Rudi siku utamjua."

Akaingia ndani. Majivu yalibaki yalipokuwa. Tuliondoka na kilio kikiwa wazi, jambo ambalo hakuna aliyejua linaitwaje.

Noeli ikapita. Shemeji alinijia Songo mara kwa mara na habari. Mama anakaa. Mama hajagusa jembe, mihogo yake inang'olewa na jirani kwa hisani. Kitalu cha mpunga mtoto wa jirani amemmwagia mbegu, na miche itakapokuwa tayari kuhamishwa, mama ataitazama tu kutoka barazani. Mama mkwe si mtu wa kulishwa. Tangu alipofiwa na mumewe alikula jasho lake, na shemeji alipompelekea unga, aliupokea kwa adabu na kuugawa. Amekonda, akasema. Alisema pia kwamba shamba lisipopandwa msimu huu wapo watu wanaolitazama walichukue, na bondeni shamba linalotazamwa hurudishwa kwa shida.

Nilimwomba aongee na wazee wa ukoo, desturi ilegezwe. Alikwishaongea. Wazee walikuwa tayari. Mama yake hakuwa tayari.

"Sema tu neno zuri lingine, shemeji," akaniambia.

Nikamwambia zuri nilishasema, na mama hataki zuri.

Nilirudi kwenye kitabu peke yangu. Tangu mazishi sikuwa nimekifungua. Kwanza nilitafuta ile hadithi ya njaa, nikaisoma yote badala ya ule mstari nilioupenda. Yule mama anapalilia shamba lisilo na mti hata mmoja. Mtoto wake mdogo amelala chini kwenye tambara. Jua linapopanda, mama anasimama kati ya jua na mtoto, na kila kivuli chake kinapopungua, yeye anazidi kuinama, mpaka saa sita amepinda kabisa, jembe mkononi, mtoto bado amelala. Ndipo mwandishi anasema alikuwa kivuli cha saa sita.

Nikakumbuka kwamba mke wangu alinisimamisha hapo. Aliniuliza kivuli cha saa sita kikoje, nikasema baridi, akasema hapana, ni kidogo, kidogo kuliko vyote, ndiyo maana huyu mama alilazimika kuinama. Nilikuwa nimesahau kuinama, nikabaki na baridi. Na mke wangu hakuinama kwa mtu yeyote, hata kwangu, hata kwa ugonjwa. Mama yake alilijua hilo bila kusoma hadithi. Nilikuwa nimeng'oa mfano mahali ulipoota, nikaupeleka Lubarika bila mzizi.

Nilijaribu kutafuta mwingine kwa vitu vya kazi yangu. Timazi: lakini timazi haisemi, na yeye alisema. Kamba ya kupangia: ikaja ikapita. Nilijaribu vitu vyake, chumvi, sabuni, na kila kimoja kilikuwa kizuri kwa dakika chache, kisha nikasikia ile sauti kutoka mkekani, si yeye. Nilianza kuona kwamba ninatafuta mahali pa kumsifu, na sikuwa ninamtazama. Wale waandishi wa hadithi hawakuanza na mfano. Walimtazama mtu mpaka mfano ukaja, tena mara nyingi haukumpendeza.

Mwezi wa pili ulipoanza nilipata kazi upande wa Kalundu, kuinua upya ukuta wa nyumba iliyobomolewa na maji miaka ile ziwa lilipopanda. Kati ya nyumba na maji, wanawake walikuwa wanaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Kila pembe ya wavu waliiwekea jiwe. Mimi nilipita hapo na karai la simenti kichwani, sioni ninapokanyaga, nikajigonga kidole kwenye jiwe mojawapo vibaya sana. Nikatua karai. Kwa hasira nikalisukuma jiwe pembeni kwa mguu.

Upepo wa ziwa uliinua ile pembe palepale, ukaikunja, na ndagala wa upande mzima wakamwagika mchangani.

Mwenye wavu alikuja bila haraka, mikono kiunoni.

"Fundi, jiwe lilikukosea nini?"

"Limeniumiza."

"Kazi yake si kuchunga vidole vyako, kazi yake ni upepo. Vidole chunga mwenyewe."

Wenzake walicheka. Niliinama, nikamsaidia kuokota ndagala na kupuliza mchanga, mmoja mmoja, kidole kinavuja damu. Nilijiambia jioni nitamweleza mke wangu, na atakuwa upande wa yule mama. Nilikuwa tayari nasikia atakavyosema. Kisha nikakumbuka. Nikabaki nimechuchumaa na ndagala mkononi mpaka yule mama akaniuliza kama kidole kimevunjika.

Sikusema palepale kwamba nimempata. Nililala na wazo hilo siku kadhaa, nikiliuliza lile swali la kuchukua na kuacha. Jiwe ni neno baya kumwita mtu. Mtu akisema fulani ni jiwe, watu wanasikia hana huruma, hana machozi. Hicho mimi sikukichukua. Nilichukua kwamba linakaa pembeni na hakuna anayelitazama. Nilichukua kwamba linaumiza anayepita bila kuangalia. Nilichukua kwamba uzito wake hauonekani ni wa nini mpaka siku limeondolewa. Nikaona pia kwamba huu hauwezi kuwa ukuta uliopakwa. Mbele ya mama wa mtu siwezi kusema "alikuwa jiwe" na kumwachia atafute kiungo. Lazima niseme "sawa", nionyeshe tofali na simenti yake.

Nilipomweleza shemeji, alisimamisha moto kando ya barabara, tukielekea tena Lubarika, tumeshapita Sange. Alitoa kofia ya chuma ili anisikie vizuri.

"Utamwita dada yangu jiwe mbele ya mama?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama ninajua mama atakataa, na akikataa mara ya pili, nani atathubutu mara ya tatu, na miche ya mpunga iko karibu kupitiliza. Nikamwambia ninajua. Alitazama bonde. Halafu akavaa kofia, akasema angalau si taa, tukaendelea.

Safari hii hapakuwa na misa wala chakula. Walikuwepo wanawake wa jirani, mzee mmoja wa ukoo, shemeji na mimi. Mama mkwe alikuwa palepale mkekani, na kweli alikuwa amekonda. Kikwembe cheusi kilikuwa kimefifia mabegani. Nilikaa mlangoni, macho chini.

"Mukwe," akasema, "umemjua?"

"Alikuwa sawa jiwe, mama."

Mmoja wa wanawake akataja jina la Yesu kwa sauti ndogo. Shemeji akainamisha kichwa.

"Jiwe gani?" akauliza mama mkwe.

Nikamweleza. Nikamwambia ya Kalundu, ya wavu, ya pembe na upepo. Nikasema yeye si mtu wa ziwa, huenda hajaona wanavyoanika. Akanikatiza, akasema hata huku wanaweka mawe juu ya bashi, turubai ya kuanikia mpunga, niendelee. Nikaendelea mpaka mwisho, nikamwambia nilivyolisukuma, na ndagala walivyomwagika. Alisikiliza yote.

"Na weye jiwe hilo ulilijua namna gani?"

"Kwa kidole, mama."

Wanawake walicheka, wakajizuia. Yeye hakucheka.

"Alikuumiza?"

"Mara nyingi. Mbele ya watu."

"Na sasa?"

Hilo sikuwa nimelitayarisha. Nilijibu kilichokuja.

"Sasa upepo iko mu nyumba."

Hakuuliza upepo gani. Alivuta miguu yake, akaikunja, akashika magoti. Midomo yake ilitembea kidogo, na mimi nilitazama saruji ya sakafu ilivyopasuka karibu na mlango kwa sababu sikujua pa kutazama. Aliposema, alisema akimtazama mwanawe, si mimi.

"Ni yeye."

Shemeji akapumua. Lakini mama hakuwa amemaliza.

"Ni yeye upande moja. Ule mwingine niko nao minye, na sitausema."

Mzee wa ukoo alijikuna shingo. Nadhani hakujua kama desturi inaruhusu nusu. Hakuna aliyemuuliza. Mwanamke mmoja alichukua ufagio, akatoka kufagia majivu, na wengine wakamsaidia mama mkwe kusimama na kuvua kikwembe. Ndani yake alikuwa amevaa gauni la kijani lililokunjamana. Aliomba maji, akanawa uso na mikono, akauliza jembe lake dogo liko wapi.

Walimwambia apumzike, atakwenda kesho. Alikuwa ameshatoka.

Shamba lake liko chini ya nyumba, maji ya mfereji yalikuwa yameshaingia. Miche ilikuwa mirefu kuliko inavyotakiwa, lakini bado mizima. Tuliingia sote, hata shemeji na suruali yake ya ofisi ameikunja magotini. Kwa heshima nilianza upande wa mbali, mgongo wangu kwake, yeye akaanza upande wa nyumba. Sijawahi kupanda mpunga. Nilishika fungu la miche, nikaichomeka mmoja mmoja kwenye tope, nikijitahidi mstari unyooke, kwa sababu kunyoosha mstari ndiyo kazi ninayoijua.

Baadaye nilisikia maji yanasogea nyuma yangu. Mama mkwe alikuwa amefika kwenye mstari wangu. Sikugeuka. Aling'oa mche niliokuwa nimeupanda, akaushusha chini zaidi kwenye tope, akaukandamiza kwa kidole gumba, kisha akaenda kwenye uliofuata.